Kula ni Lazima

Leo sina abiria. Nina wanangu wawili
na Gervasi wa jirani, aliyekalia mfuko wake wa karanga.
Bajaji niliiosha jana usiku kwa ndoo moja ya maji,
nikampigia bosi: hesabu ya Jumamosi utaipata Jumatatu.
Akaguna.
Mguno wa bosi ni risiti isiyo na muhuri.

Kutoka Vingunguti hadi Upanga
Siwema hakusema neno. Kidole chake
kilikuwa kinatembea juu ya goti,
mbele mbili, pembeni moja,
mbele mbili, pembeni moja.
Pazi aliuliza mara nne kama huko kuna soda.

Nyumbani sataranji yetu ina farasi watatu.
Wa nne alikwenda na maji ya masika
pamoja na ndala ya mama yao.
Mahali pake tumeweka kizibo cha soda,
na kizibo kile kinaruka kama farasi,
kinaogopwa kama farasi,
hakuna aliyewahi kukiuliza masikio yako wapi.

Ukumbini, farasi wote wana masikio.
Siwema alimshika mmoja, akamgeuza, akamtazama
kama mtu aliyekutana ugenini
na ndugu wa mtu anayemfahamu.

"Wazazi nje," alisema Mwalimu Nkwabi.
Wenzangu wakarudi kwenye magari yao, kwenye viyoyozi.
Mimi nikapata dirisha la nondo
na kivuli kisichotosha bega.

Mimi ni mtu wa drafti. Kwa Mnyamani wananijua.
Kwetu kula ni lazima:
ukitegewa kete, unakula,
hata kama unauona mtego umekaa nyuma yake
umekunja nne.

Pazi alitoka wa kwanza. Dakika nane.
"Amenifunga kabla sijakaa vizuri,"
akalia ndani ya shati langu,
kisha akakumbuka soda.

Meza ya sita, mvulana wa miwani
alisukuma askari wake mbele ya ngome ya Siwema,
bure, kama sahani ya wali mbele ya mgeni.
Kula, nikasema. Midomo tu, bila sauti.
Kula, mwanangu.
Mkono wake ukaenda.
Ukasimama hewani.
Ukarudi, ukalala pajani.
Akasogeza kete nyingine kabisa, huko pembeni,
akagonga saa.
Mvulana akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Wakatoka sare. Wakapeana mikono.
Sikuelewa: watu wawili wanainukaje mezani
na hakuna wa kuwanunulia wenzake kahawa?
"Nimepata nusu," Siwema aliniambia,
akionyesha kwa vidole, padogo,
kama anayepima ubani.
"Na ile kete? Mbona hukuila?"
"Baba, yeye ndiye alikuwa anataka niile."

Hadi saa kumi alikuwa na pointi mbili na nusu.
Gervasi tatu. Kikombe kilikwenda Masaki.
Cheti chake wameandika Siyema;
alikikunja mara moja tu, jina likiwa ndani.

Pale Fire mtu wa tai akanyoosha mkono.
"Mbezi Beach. Elfu thelathini."
Noti ziko nje tayari, mpya, zimesimama.
"Hao watoto wakusubiri hapo kituoni, si wakubwa?"

Elfu thelathini ni hesabu ya bosi,
na mafuta, na unga, na chenji inabaki.
Mkono wangu ukaenda kwenye funguo.
Ukasimama.
Mtu wa tai akaanza kuinama, aingie.

Nikavuta mafuta.

Nyuma hakuna aliyesema kitu.
Pazi amelala, mdomo wazi, chupa mkononi.
Kwenye kioo nikamwona Siwema,
kidole juu ya goti la mdogo wake,
mbele mbili,
kimetulia kwanza,
pembeni moja.